Shamba Lililobakizwa na Barabara

Hadithi hii aliisimulia kwanza Mzee Kiondo, mwaka 1998, kwenye matanga ya dada yake Nakijwa, huku kwetu milimani Upare.

Nakijwa alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Senzota, wa kwanza, hakusahau alichokiona. Mbonea, wa pili, alikuwa na moyo wa kutoa. Namkunda, kitindamimba, hakujua kukata tamaa.

Siku moja wapima ardhi walichora alama nyekundu kwenye ukuta wa Nakijwa. Barabara kuu ingepita hapo, juu ya nyumba na juu ya kaburi la mumewe. Wakamwambia asijenge, asikarabati, asiwe na mazao ya kudumu. Kisha wakapotea miaka mingi. Bati likavuja, asithubutu kulibadilisha. Kwa kuogopa kuvunja sheria, aling'oa hata masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, yaliyopandwa na baba mkwe wake. Hakuna aliyemwambia kwamba mpaka si zao.

Namkunda aliendelea kulima maharage kila msimu. Majirani walimcheka.

"Namkunda, unapalilia barabara?"

"Napalilia mpaka ifike. Ikifika, itanikuta na jembe."

Hatimaye tingatinga likaja, likaivunja nyumba. Lilipokaribia kaburi, Nakijwa alikaa chini mbele yake. Mhandisi akashuka.

"Mama, barabara inaweza kukunja kidogo, kaburi na kipande hiki vikabaki. Lakini nahitaji mambo matatu. Kwanza, pawe panatumika, pori tunalichukua. Pili, mpaka ujulikane. Tatu, jirani wa ng'ambo akubali tukunjie kwake."

La kwanza lilijibiwa na maharage yenyewe, yamechanua mpaka ukingoni mwa kaburi.

La pili lilimshinda Nakijwa, kwani mpaka aliung'oa kwa mikono yake. Senzota akapiga hatua mpaka kwenye jiwe moja, akasema, "Chimbeni hapa."

Wakachimba. Mzizi wa isale ulikuwa hai.

"Huu ni mzizi wa kichaka tu," akasema mpimaji.

"Kichaka hakijipangi mstari, ndugu yangu. Chimba na pale. Na pale."

Kila alipoonyesha, mzizi ulikuwepo.

Jirani wa ng'ambo alikuwa Mbonea mwenyewe. Shamba lake lote lilikuwa kahawa iliyokomaa.

"Pitisheni kwangu," akasema.

Mkewe akashika kichwa. "Baba Elineema! Kahawa yetu?"

"Kahawa hupandwa tena. Baba hapandwi."

Barabara ikakunja. Kilichobaki kinatosha kaburi, bustani na nyumba moja tu.

Jioni ile Nakijwa aliwaita wanawe, mkononi ana chipukizi la isale. Yule ambaye lingepandwa kwa jina lake, ndiye angerithi kile kipande.

"Mila humpa kitindamimba nyumba ya wazazi," akasema Namkunda.

"Nyumba ipi, dada? Imevunjwa," akajibu Mbonea. "Mimi ndiye niliyepungukiwa."

"Nyote mngekuwa mnagombania lami," akasema Senzota, "kama nisingekumbuka."

Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja. Kila aliponyoosha mkono kwa mmoja, aliwaona wawili wamesimama nyuma yake. Mwishowe akalipanda lile chipukizi kichwani pa kaburi, akasema, "Nitaamua kesho." Alisema hivyo mpaka alipofariki.

Sasa amelala kando ya mumewe, na Mzee Kiondo naye ametangulia. Senzota, Mbonea na Namkunda wako hai. Wanalima maharage pale kwa zamu, na hakuna aliyethubutu kuchimba msingi. Isale limeshawapita urefu.

Nawe uliyesikiliza, kama chipukizi lile lingekuwa mkononi mwako, ungelipanda kwa jina la nani?