Jina Lililosikika Nyuma ya Ua

Wapendwa katika Kristo, mkate haumegwi ili ubaki mkononi. Pokeeni simulizi hii, kisha wamegeeni na wengine.

Katika kijiji kimoja cha milimani waliishi majirani wawili, Odilo na Gaudensi, wakitenganishwa na ua wa matete. Odilo hakuwa tajiri. Shati lake la Jumapili ndilo alilofungia ndoa. Lakini aliporudi shambani watoto walishindana kumpokea jembe, na alipoingia jikoni, kicheko cha mkewe Kresensia kilivuka ua.

Gaudensi alikisikia. Alikuwa na ng'ombe na nyumba ya matofali, lakini kwake watu walikula kimya, na alipokohoa uani watoto walitawanyika. Husuda ikamwingia, ile iozeshayo mifupa. Alichokitamani kwa jirani hakiuzwi mnadani.

Kilichomchoma zaidi ni sala ya jioni. Yeye alikwisha kuacha kusali na watu wake. Familia ya Odilo ilipofika mwisho wa litania, ile sala ya kuitikizana, alisikia jina lake mwenyewe likitajwa, na watoto wakiitikia kwa shangwe.

"Wananisengenya mbele ya Mungu!" alimwambia mkewe.

"Si uende ukawaulize?"

"Nikamwulize Odilo? Thubutu!"

Hakuuliza. Miaka ikapita, Odilo akafariki.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, katekista aliuliza kama ilivyo desturi: "Yupo mwenye neno na marehemu? Aseme, tumsindikize akiwa mwepesi."

Mtani mmoja akadakia, "Mimi! Ameniachia zamu ya kufagia kanisa. Mwamsheni!" Watu wakacheka huku wakilia.

Ndipo Gaudensi aliposimama, na kicheko kikakatika. Aliingoja saa hii, jina la Odilo lishushwe mbele ya wote.

"Huyu mnayemlilia alinidhihaki katika sala," alisema. "Alilitaja jina langu kila jioni, watoto wake wakishangilia. Mjane akanushe kama anaweza."

Kresensia aliinua uso. "Sikanushi, shemeji. Tulilitaja."

Watu wakaguna.

"Sisi litania tunaimalizia kwa masomo wetu, watakatifu tuliobatizwa kwa majina yao. Mlipoacha kusali, Odilo alisema, 'Nyumba ya jirani imenyamaza, na somo wake hana wa kumwita. Tumwite sisi.' Ndipo tukaongeza: Mtakatifu Gaudensi, umwombee jirani yetu. Na watoto walishangilia kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Baada yake ni ugali."

Gaudensi alibaki amesimama. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimwelemea kuliko kicheko.

"Katekista," alisema hatimaye, "mimi sina neno naye. Yeye ndiye mwenye neno nami, na hawezi tena kunitamkia msamaha."

Kresensia akanyanyuka, akamshika mkono, akampeleka penye jeneza.

"Upande wa kichwani hauna mtu," alisema. "Beba, shemeji. Mbebe ndugu yako."

Funzo: Husuda humfanya mtu asikie tusi mahali anapoombewa. Mwulize jirani yako angali hai, maana marehemu tunaweza kumsamehe, lakini yeye hawezi tena kufumbua kinywa atusamehe.