Kapi la Uso wa Oduro

Oduro, tajiri wa Waasante, alivimba kichwa hata kofia zikamkataa. "Nusu ya kila kitambaa ni yangu," aliwaamuru wafumaji. "Nawe mchongaji Bediako, lile kapi la mti linaloning'inia juu ya kitanda cha kufumia na kupitisha kamba za mfumaji, lichonge uso wangu, niwachunge!"

Bediako akamchonga, mashavu na majivuno yote. Kapi likatundikwa, mfumaji mmoja akaketi chini yake kufuma, kijiji kikajaa kutazama.

"Usipokuwapo, bwana, tumtii huyu?" aliuliza Bediako.

"Huyo ndiye mimi! Alijibulo, nimejibu."

Bediako akaligeukia kapi. "Mzee Oduro, kitambaa chote abaki nacho mfumaji?"

Mfumaji akavuta kamba kwa vidole vya mguu, kama afanyavyo kila siku. Kichwa cha mti kikainama, kikainuka, kikainama tena.

"Inatosha, mzee, tumekusikia," alisema Bediako. "Utavunjika shingo."