Mtungi Uliomeza Vilio

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Amkeni, fundi wa hadithi nimefika!

Tunu aliolewa na zimwi lililojigeuza kijana mtanashati. Pembeni mwa chumba likaweka mtungi wa uchawi. Lilipompiga, Tunu alilia, mtungi ukakimeza kilio, gubwi! Akaita majirani, gubwi! Akamwita Mungu, gubwi!

Asubuhi jirani yake, Bi Mashavu, akamwambia, "Shoga, umebahatika! Nyumba yenu tulivu kama yangu."

Tunu akainamisha kichwa. Nani angemwamini?

Jioni moja zimwi likamwinulia fimbo binti yao, Riziki. Mtoto akapiga ukelele, gubwi! Hapo Tunu hakulia tena. Akakamata mchi wa kutwangia, akaupiga mtungi, pwaa!

Vilio vya miaka yote vikatoka kwa mpigo. Zimwi likaziba masikio, likatokomea porini.

Tunu akamkumbatia Riziki, akangoja majirani. Hakuja mtu. Kisha nyumbani kwa Bi Mashavu kukasikika mtungi ukipasuka, pwaa! Nyumba ya pili, pwaa! Ya tatu, pwaa!

Hadithi yangu imekomea hapo. Nanyi mnaochekacheka, hebu niambieni: pembeni mwa chumba chenu pana nini?