Pimbi na Sanduku la Kupimia Mtama

Sogeeni. Wewe uliye karibu na mlango, urudishie. Sasa kila mmoja aweke mkono kifuani aseme: nikiyatoa haya nje, ulimi uniote malengelenge. Mmeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa vivyo hivyo na Bi Kanga, naye Bi Kanga aliapishwa, na mnaona wenyewe habari imefika wapi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wa kuwasengenya kama sisi, aliishi Pimbi katika mji ulio chini ya majabali. Mwenyewe mdogo, kapu moja linamtosha kulala, lakini fundi wa mbao hasa, na kichwa chake chepesi. Ugonjwa wake ulikuwa jua. Wenzake wakienda kulima, yeye huyo juu ya jiwe, kajinyoosha, anaota.

"Nitalima kesho," anasema. Na kesho jua likawa tamu kuliko la jana.

Wenzake wakalima mtama, wakavuna, wakaona dalili za kiangazi kirefu. Wakapatana: mtama wote ukae ghala moja. Kila nyumba itie masanduku kumi, na kiangazi kikianza itoe sanduku moja kila Jumamosi, majuma kumi. Basi likatakiwa sanduku la kupimia. Fundi nani? Pimbi. Mtunza ghala nani? Pimbi huyohuyo. Ujira wake ulikuwa ule wa desturi: siku ghala likifagiliwa, kinachobaki sakafuni ni cha mtunzaji. Miaka yote kilikuwa kikapu kimoja, viwili vikizidi sana.

Pimbi akapiga hesabu ya kikapu kimoja na kiangazi kizima, akaona hakitoshi. Kusema kwamba hakulima akaona aibu. Laiti angeivumilia aibu ile ndogo, asingeipata hii kubwa ninayowaambia.

Sanduku likaisha. Bwana Nyati, mwenye nguvu za kuhamisha nyumba na watu wake ndani, akaja kulikagua na fimbo yenye alama za shibiri. Mama Ndovu akaja naye.

"Urefu tatu," Nyati akasoma, fimbo ikigonga mbao, ko, ko, ko. "Upana mbili. Kimo nne."

"Kwa hiyo linaingia kiasi gani?" akauliza Mama Ndovu.

"Tatu mara mbili ni sita, hilo tabaka la chini," Pimbi akajibu bila kugusa kidole. "Matabaka yako manne. Linaingia michemraba ishirini na minne."

Mchemraba ndicho kile kitofali cha Mwalimu Kobe, shibiri moja kila upande, kama kipande cha sabuni kilichokatwa na mtu asiye na choyo. Mwalimu Kobe alikuwa akifundisha hesabu kwa vitofali hivyo. Ila mlango wa darasa lake ulikuwa wa kimo chake mwenyewe. Pimbi aliingia, akasoma mbele kabisa. Mama Ndovu alisomea dirishani, sikio moja ndani, mwili wote juani. Bwana Nyati alisomea nje, akasikia urefu, akasikia upana, akaona yatosha, akaenda zake.

"Na ndani umepima?" Mama Ndovu akamuuliza Nyati. "Kama namsikia Mwalimu akisema jambo la ndani."

"Ndani na nje si sanduku hilohilo, shemeji?"

Pimbi alilijua jibu. Mwalimu alilirudia hata darasa likawa linamcheka: ujazo ni wa ndani, wanangu, nje ni mbao tu. Alilijua, akanyamaza. Na katika kunyamaza kule, wazo likamwingia.

Siku ya kutia, sanduku lilikuwa halali. Kila nyumba ikatia kumi zake, ghala likajaa hadi darini. Lakini kiangazi kilipoanza, Pimbi akaranda kibao, urefu shibiri tatu, upana mbili, akakitia ndani ya sanduku hadi nusu ya kimo, akakibana kwa vigingi juu na chini kisicheze. Kwa nje: tatu, mbili, nne. Kwa ndani: tatu, mbili, mbili. Michemraba kumi na miwili, na chini yake giza tupu. Nusu ya kila sanduku ingebaki ghalani, na siku ya kufagia ingekuwa yake.

Jumamosi ikifika Pimbi analijaza, anasawazisha juu kwa kijiti, na Nyati analibinua kwa pembe. Shaaa. Vumbi la mtama mnalijua linavyowasha. Wote macho wamefumba, wanapiga chafya, na sanduku limerudi mahali pake.

Jumamosi ya kwanza Nyati akasita. "Mbona jepesi?"

"Jepesi kwa nani, Bwana Nyati?" akasema Pimbi. "Taja kitu kimoja ambacho kwako ni kizito."

Nyati akafikiri, asikione. Kifua kikamtuna, akabinua na la pili.

Majuma manne yakapita. Juma la tano, siku ya Alhamisi, Pimbi yuko mlangoni mwa ghala, akasikia nyayo nzito.

"Hodi."

"Karibu, Mama Ndovu. Pita ukae."

"Sikai, mwanangu. Nimekuja na aibu yangu, usimwambie mtu."

Pimbi akamtazama, akataka kutazama pengine. Ngozi ilikuwa inamning'inia Mama Ndovu kama shuka la kuazima. Na kiunoni alikuwa amejifunga kamba. Huyu ndiye aliyemfunika Pimbi chini ya tumbo lake siku Tai aliposhuka, wakasimama hivyo kutwa nzima, hata maji hakwenda kunywa.

"Nimekuwa mlafi," akasema Mama Ndovu kwa sauti ya chini. "Sanduku hili nilipokuwa nalitia, mkonga uliniuma kwa wingi wa mtama. Sasa nikilipokea, Jumanne limekwisha. Sanduku ni lilelile, kwa hiyo kilichozidi ni tumbo langu. Nimejifunga kamba, halisikii. Mtoto akinyonya hapati kitu, analia mpaka sauti inamkauka. Wewe umesoma. Hebu niulizie kwa Mwalimu kama kuna dawa ya ulafi."

Pimbi akasema, "Huenda si tumbo, Mama."

"Ni nini basi? Nimshuku nani? Sanduku umelitengeneza wewe."

Akamshika Pimbi begani kwa ncha ya mkonga, taratibu, kama mtu anayeshika yai, akaondoka.

Hapo ndipo Pimbi angemwita. Neno lilifika hadi kwenye meno. Akalimeza. Akajiambia: Jumamosi alfajiri nitakiondoa kibao, masanduku yatajaa kama zamani, na ziada nitaimwaga juu kidogo kidogo mpaka haki yao irudi yote. Mtama upo. Nani atajua? Alitaka kutubu, maskini, ila alitaka kutubu bila kuonekana.

Asichokijua ni kwamba Bi Kanga alikuwa juu ya paa.

Bi Kanga akaruka hadi kwa mke wa Nyati. "Shoga, apa kwanza. Umeapa? Mama Ndovu kawa mlafi, anajifunga kamba."

Alitegemea kicheko. Mke wa Nyati akainama, akafunua nguo kiunoni. Naye ana kamba.

"Usimwambie mume wangu," akasema.

Bi Kanga akaenda kwa mume. Nyati naye alikuwa nayo, kaificha chini ya mkunjo wa shingo, huiteremsha kiunoni watu wakilala. Akaenda nyumba ya tatu, ya nne, ya tisa. Mji mzima ulikuwa umejifunga kamba, kila mmoja kwa siri, akilitukana tumbo lake. Ikabidi waende kwa Mwalimu Kobe, vichwa chini.

Mwalimu akawasikiliza mmoja mmoja, polepole, kama ilivyo tabia yake.

"Tumbo moja likizidi, huo ni ulafi," akasema. "Matumbo yote yakizidi juma moja, hilo ni sanduku. Nibebeeni michemraba yangu ishirini na minne, Jumamosi alfajiri tukalipime ndani kabla halijajazwa."

Jumamosi ikafika. Jua halijapanda vizuri, Pimbi yuko ndani ya sanduku, amepiga magoti juu ya kibao. Akang'oa vigingi vya juu. Kibao hakitoki. Unyevu wa asubuhi nyingi ulikuwa umekivimbisha, kimekamata kuta pande zote.

Kwaruu, kwaruu. Akaingiza kucha kwenye ukingo. Hakitoki. Akasimama kwenye ukuta wa sanduku kama mjusi, akavuta. Jasho likamtoka. "Toka," anakibembeleza. "Toka ndugu yangu, nisaidie, mtoto wa watu analia."

Kwa kuvuta kule hakusikia nyayo. Na nje, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakubwa walikuwa wananyata.

Ng'waak. Kibao kikaachia, vigingi vya chini vikavunjika. Pimbi akaporomoka nacho hadi chini kabisa ya sanduku, puu, kibao kikamlalia kifuani. Alipokisukuma na kuinua macho, kukawa na nyuso kuzunguka ukingo wote: pembe za Nyati, mdomo wa Kanga, masikio ya Mama Ndovu yameziba jua.

Kobe ndiye aliyekuwa hajafika. Walimsikia akiburuta miguu, kha, kha, wakampisha, akainuliwa kwa mkonga hadi akaona ndani.

"Pimbi, mwanafunzi wangu. Tatu mara mbili mara mbili?"

"Kumi na mbili, Mwalimu."

"Na pale chini, ulipo sasa?"

"Kumi na mbili nyingine."

"Hesabu umepata zote," akasema Kobe, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka.

"Nilikuwa nakitoa," Pimbi akasema. "Nawaapia, leo nilikuwa nakitoa."

"Kila mwizi akikamatwa husema alikuwa anarudisha," akasema Nyati.

Pimbi akamgeukia Mama Ndovu. Mama Ndovu alikuwa anaifungua kamba kiunoni, fundo kwa fundo, bila haraka. Ilipofunguka akaitundika kwenye ukingo wa sanduku.

"Mtama hukuwa nao," akasema. "Ungeniambia. Ningekugawia."

Na Pimbi akabaki amesimama mle ndani, kibao mikononi, hajui pa kukiweka, mji mzima unamtazama.

Shikeni hili, wajukuu: ukimpunja anayekuamini, siku utakayomrudishia haki yake hatakuamini tena.