Bampa la Harusini

Siku mume wangu Eliapenda alipofariki, gari lake lilikuwa uani, pua ikitazama barabara. Ndivyo alivyoliegesha siku zote, ili mteja akipiga simu atoke bila kuhangaika. Vijana walipokuja kufunga turubai la msiba, mwanangu Naftali akaingia garini kulisogeza. Alipolitoa, bampa likagusa nguzo ya geti.

Mzee Shayo, mjomba wa mke wa Naftali, alikuwa amekaa karibu na ukuta na fimbo yake. Akapaza sauti, "Taratibu, Naftali! Bampa hunyooshwa kwa nyundo, jina hunyooshwa kwa miaka." Kisha akalia, na watu wakamwacha alie.

Baada ya maziko, wajukuu wangu Apaikunda na Godlisten walinijia jikoni. Bampa wanalijua. Nyundo wanaijua. Walitaka kujua jina linaingiaje hapo. Niliwasimulia, na sasa ninaandika ili nisisahau.

Usemi huo ulizaliwa siku ya harusi ya wazazi wao.

Sisi ni Wapare, na Aikande, mama yao, ni Mchaga, kwa hiyo ilikuwa harusi ya watani, na kelele zake mnaweza kuzikisia. Mjini Moshi msafara wa harusi huzunguka kipilefti, ule mzunguko wa barabara, huku matarumbeta yakipigwa juu ya pikapu iliyotangulia. Dereva wa msafara ana sheria moja: gari la mtu baki lisiingie katikati. Kwa hiyo kila mtu humfuata mwenzake pua kwa mkia, na mpiga picha naye hupiga kelele, "Bananeni! Bananeni!"

Baba Naftali, yaani mume wangu, alibanana. Gari la mbele yake lilikuwa la Mzee Shayo. Pikapu ikasimama ghafla ili mpiga tarumbeta acheze mbele ya kamera, Mzee Shayo akakanyaga breki, na Baba Naftali akamwingia kwa nyuma. Enzi hizo mabampa yalikuwa ya chuma. La Shayo liliingia ndani kama shavu la kibogoyo, la kwetu likapinda upande mmoja. Hakuna aliyeumia. Trafiki akauliza kama tunataka kwenda kituoni, wazee wote wawili wakasema harusi kwanza.

Jumatatu Mzee Shayo akafika nyumbani.

"Mtani, una bima kubwa?"

"Ninayo."

"Basi waambie watengeneze gari langu. Na lako pia. Tumemaliza."

"Ngoja kwanza nikaulize."

"Uulize nini? Mpare wewe! Hata bima unaionea uchungu kuitumia? Unaiwekea akiba iote?"

Sisi sote tulicheka, ila Mzee Shayo hakuwa anatania sana. Kugongwa na wakwe mbele ya kamera kulimkera, na alihisi tunatafuta njia ya kumkwepa. Baba Naftali naye alikuwa na hofu yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, na gari lile la kukodisha ndilo lililokuwa shamba letu. Bima kubwa aliimudu kwa sababu ya punguzo tu, lile wanalopewa wasiodai chochote mwaka hadi mwaka. Punguzo likiondoka, angeshuka kwenye bima ndogo, ile inayolipa hasara ya watu wengine na kumwacha mwenye gari mikono mitupu.

Akamwambia, "Mtani, naogopa dai litaniondolea punguzo; twende wote kwa wakala. Akikuambia yule mama kwamba nakudanganya, nitaandika dai hapohapo mbele yako."

Nilikwenda nao, maana mimi pia nilitaka kujua. Wakala wetu aliitwa Bi Zulfa, mwanamke mwenye sauti ndogo. Akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, ukidai, kwanza kuna sehemu unayojilipia mwenyewe. Kwa bampa, sehemu hiyo inakaribia gharama ya ufundi wenyewe. Halafu mwakani punguzo lako lote linafutika, na bima inapanda."

"Na kama nisipodai mimi, akadai yeye?" Baba Naftali akauliza.

"Anadai kwenye bima yako. Linahesabiwa ni dai lako."

Mzee Shayo akainama juu ya meza. "Hebu ngoja, binti yangu. Mwaka juzi mimi nililipwa kioo cha pembeni. Kioo tu, hiki cha kuchungulia nyuma. Mwaka uliofuata bima ikapanda, nikagombana na wakala wangu, nikamwita mwizi. Kumbe ni kioo?"

"Ni kioo, mzee."

"Kioo kile kile?"

"Kile kile."

Akacheka hadi fimbo ikaanguka. "Kioo kimekula pesa ya mbuzi mzima!"

Baba Naftali akauliza la mwisho: punguzo likishaondoka, hurudi vipi?

"Kwa kungoja," Bi Zulfa akasema. "Jina lako likikunjika hapa, hakuna fundi. Unakaa mwaka bila dai, unapata kidogo. Mwaka mwingine, kidogo tena."

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja kwa fundi bodi. Baba Naftali akalipia magari yote mawili, na Mzee Shayo akasimama akimtazama fundi akigonga, akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Shavu lile la bampa lilipotoka nje, akageuka na kusema kwa sauti ya mtu aliyepata kitu, "Mtani, umeona? Bampa hunyooshwa kwa nyundo. Jina hunyooshwa kwa miaka."

Madereva waliokuwa pale wakayachukua maneno hayo. Baadaye niliwahi kuyasikia Same, kwa mtu asiyetujua kabisa.

Godlisten akaniuliza, "Sasa Bibi, bima ya nini kama haidaiwi?"

Nikamwambia babu yake hakuwa mjinga. Mafuriko yaliposomba gari lile, alidai siku hiyohiyo, na kwa kuwa bima ilikuwa bado kubwa, akapata jingine. Bampa na mafuriko si ndugu. Punguzo lilifutika, akaanza upya bila kunung'unika, akiendesha polepole kiasi kwamba bodaboda walimpigia honi. Mwaka aliofariki punguzo lilikuwa limefika juu kabisa tena.

Wiki iliyopita mimi na Naftali tulikwenda kwa wakala wa bima kubadilisha jina la gari. Bi Zulfa amestaafu. Yupo kijana mpole, alitupa pole vizuri. Nikamuuliza kuhusu punguzo la Baba Naftali, ile miaka yake yote.

"Mama, kwetu punguzo ni la mtu, si la gari."

"Haliendi hata kwa mwanawe?"

"Haliendi, mama."

Nilipofika nyumbani niliwaambia wajukuu. Apaikunda akatoka nje, akagusa pale bampa lilipobonyea kwenye nguzo ya geti, akarudi akasema mwenyewe, bila kuambiwa: bampa hunyooshwa kwa nyundo, jina hunyooshwa kwa miaka.

Gari sasa limeandikwa jina la Naftali, na punguzo lake ni sifuri.