Okidi ya Majani Manene

Ndugu zangu, kwaya imenifurahisha hata sitaki kuanza na maneno mazito. Ngoja niwasimulie kwanza.

Kulikuwa na mzee mmoja juu kwenye milima ya Upare, Mzee Mgonja, mgane mwenye mabinti wawili. Mkubwa, Nakundwa, alikuwa mchangamfu, akiingia mahali hata wagonjwa wanacheka. Mdogo, Naetwe, alikuwa mkimya.

Mzee huyu alipenda maua ya okidi, na alikuwa nayo ya aina mbili. Moja ilikuwa na majani membamba, laini. Nyingine majani yake yalikuwa manene, magumu kama ngozi. Naye alikuwa na msimamo wake: "Mimi sipendelei." Basi zote mbili aliziweka kwenye kivuli kimoja, akazimwagilia pamoja kila mchana, na jioni baridi ya mlimani ikishuka alizifunika zote kwa nailoni.

Mabinti hali kadhalika. Akija mgeni, wote wawili sharti wasimame waseme neno.

Ile ya majani membamba ilichanua vizuri sana. Ya majani manene ikanyong'onyea, mizizi ikaanza kuoza, wala haikutoa hata ua moja.

Ikafika siku ya wakwe kuja kumposa Nakundwa. Asubuhi yake mzee akafanya usafi, akaichukua ile okidi mbovu akaitupa jalalani. Aibu ya nini mbele ya wageni?

Wageni wakaketi. Nakundwa akasimama, akawakaribisha kwa maneno matamu, vigelegele vikapasua paa. Mzee akatabasamu, akasema, "Haya, na wewe Naetwe, wakaribishe wakwe zetu."

Binti akasimama. Watu wakasubiri, wakasubiri. Neno halikutoka. Akajifunika uso kwa khanga, akakimbilia uani.

Wazazi mlioko hapa, mngefanyaje? Mzee yeye alimfuata kwa hasira, akamkuta amejikunja kwenye kizingiti cha jiko la nje.

"Nimewalea sawasawa!" akafoka. "Chakula kile kile, shule ile ile! Mwenzako anaweza, wewe una nini?"

Kabla binti hajajibu, ikasikika sauti nyuma yao: "Jamani! Nani katupa hii?"

Ni mama wa bwana harusi, Mama Eliamani, aliyetoka kuja kumtuliza binti. Sasa ameinama kwenye jalala na kitenge chake kipya, ameishika ile okidi kama kitoto kichanga.

"Mkwe, iache, utachafuka," mzee akasema. "Hiyo ni mvivu. Haijawahi kuchanua."

"Mkwe wangu, mimi ninazo hizi nyumbani. Wewe ulikuwa unaitunzaje?"

"Kama mwenzake. Kivuli, maji ya mchana, nailoni usiku."

Mama Eliamani akacheka hadi akaegemea ukuta. "Mkwe! Umeiziba pumzi! Ile ya majani membamba hufungua vitundu vya majani yake mchana, ikavuta hewa huku inajitengenezea chakula. Hiyo ipe kivuli, na mizizi yake usiiache ikauke. Hii ya majani manene mchana hujifunga, isipoteze maji yake. Hufungua vitundu usiku, ikavuta hewa na kuiweka akiba. Jua likitoka, hupika chakula kwa akiba ile, imejifunga vilevile. Yahitaji mwanga wa kutosha, maji ya asubuhi mapema, kisha uiache mizizi ikauke. Na usiku iachie hewa! Wewe saa ile ile inapofungua, ndipo unaifunika."

"Kwa hiyo haikuwa mvivu?"

"Ilikuwa inafanya kazi saa ambazo wewe huioni."

Mzee akamgeukia binti yake, akaketi naye pale kizingitini, na suti yake vilevile. "Mwanangu, nimekukosea. Sasa wewe nikutunzeje?"

"Baba, mbele ya watu wengi maneno hunikimbia," Naetwe akasema. "Tukiwa wachache huja yenyewe." Akamshika mkono Mama Eliamani. "Mama, karibu kwetu. Dada yangu huwachekesha watu wote, lakini radi ikipiga huogopa sana, na hatakuambia. Usimwache peke yake."

Mama Eliamani akamkumbatia, machozi yakimtoka, akasema, "Leo nimekaribishwa!" Kisha akapiga kigelegele, peke yake, pale pale uani, hadi wageni wakatoka mbio kuuliza kuna nini.

Naam, chekeni! Na okidi ilichanua mwaka uliofuata, msiwe na wasiwasi. Lakini sasa nawauliza: ni nani Jumapili iliyopita, pale nje, aliyesema fulani imani yake imepoa kwa kuwa hapigi makofi? Unajua anavyoomba akiwa chumbani kwake? Sisi tunasema, "Nimewapenda wote sawa," kumbe tumewapa wote kile tunachokipenda sisi. Mungu aliyewaumba hakuwafanya wa namna moja. Humjia huyu kwa ngoma, na yule kwa ukimya, na wote wawili hushiba.

Basi leo ukifika nyumbani, mtafute mmoja uliyemchoka kwa sababu hafanani na wengine. Usimhubirie. Muulize tu, "Nikupendeje?" Halafu funga mdomo, umsikilize.