Bi Tausi Aliyepotewa na Ladha

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmesinzia? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakila hotelini, Bi Tausi alitoka Bara Hindi akafungua hoteli. Masufuria yalipangwa mezani, kila mgeni akajipakulia mwenyewe, akala mpaka akachoka. Wateja walijaa.

Masika moja, mafua yakampokonya Bi Tausi ladha. Chumvi na sukari vikawa kitu kimoja mdomoni. Akaona haya kusema. Wateja wakapungua, wakapungua, hoteli ikawa karibu kufungwa.

Ndipo Chui akatuma neno: "Kesho mchana naja kula. Nikiridhika, harusi ya binti yangu utapika wewe."

Kesho yake Bi Tausi akapika. Akamwita Kanga.

"Mjukuu wangu, onja dengu hizi. Niambie kweli."

Kanga akaonja. Maji matupu! Lakini mtu mzima utamwambiaje?

"Tamu, bibi." Huyo, akaondoka.

Tu! Tu! Hatua za Chui, mbali.

"Anakuja!"

Anakuja, wanangu! Bi Tausi akamwita Digidigi.

"Mjukuu wangu, onja pilau hii. Niambie kweli."

Digidigi akaonja. Chumvi hakuna hata chembe!

"Tamu, bibi." Huyo, akaondoka.

TU! TU! Chui mlangoni. Akajipakulia pilau na mchuzi wa samaki. Akaketi. Akala tonge moja, akasita. Akamtazama Bi Tausi. Tonge la pili. Mkia ukapiga sakafu, pa!

"Atamrarua?"

Nyamaza, Mwanakheri! Chui akafuta sharubu, akasema taratibu, "Kizuri, Bi Tausi. Ahsante." Akaenda zake.

Bi Tausi akalia kwa furaha. Akanunua mchele magunia matatu. Akangoja. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu ngoma zikalia ng'ambo ya mto. Kanga na Digidigi wakapita, wamejipamba.

"Wajukuu zangu, harusi ya nani?"

"Ya binti Chui, bibi."

"Kwani chakula changu kilikuwaje?"

Wakatazamana.

"Kitamu, bibi," wakasema, wakaongeza mwendo.

"Waongo!"

Waongo, tena wenye adabu, na mimi hao ndio wananiudhi zaidi. Wanangu, ukimpenda mpishi, mwambie chumvi haipo. Nawe mpishi, ukiugua, sema.

Hadithi yangu naitua hapo, na Bi Tausi alifunga mlango siku ileile.